Mkono wa Baba Unazama Asubuhi

Asubuhi ya ukaguzi wa mwisho, mkono wa baba yangu ulitoboa meza.

Ulianza vizuri. Kisu kilishuka juu ya mbao ya paini, kikapita mara moja, unga ukaruka, nami nikajiambia leo mzee kaamka na akili zake. Kikainuka, kikashuka tena, kikala zaidi ya nilichokiagiza. Mara ya tatu nikasikia sauti imebadilika, na kabla sijaifikia swichi kilikuwa kimeimaliza mbao, kimeingia mezani na kinaendelea kwa adabu zote, kama mgeni aliyemaliza wali akaanza kula sahani.

Nyuma yangu mtu alicheka.

"Afadhali leo imefanya mbele ya macho yangu," alisema Atuganile. "Nilishaanza kudhani dada Mize unaota."

Atuganile Sanga, ambaye wote tunamwita Atu, ni fundi wa mitambo kutoka Tandala. Mara zote alizokuja kwangu alikuja mchana, na mara zote mashine ilimtii, kama mtoto anayepona homa akiuona mlango wa hospitali. Alikuwa akiikatisha vipande vya majaribio, akapima, akasema haina ugonjwa, akanywa chai yangu, akashuka zake mlima. Safari hii nilimfungia mlango. Nilimwambia utalala hapa, utaamka na mimi, na kama ni uchawi tutagawana.

Maana saa nne mkaguzi alikuwa anakuja, na hakukuwa na nafasi nyingine baada ya hiyo.

Mkono wa marehemu, yaani ufundi wake ulionakiliwa kwa glavu na kutiwa kwenye mashine, haufanyi kazi bila kibali cha Baraza la Mikono. Wa baba ulishafeli mara mbili. Ukifeli ya tatu, hauwekwi kabatini kusubiri siku njema. Unafutwa, glavu yake inachomwa, na mashine inapewa mkono wa kiwandani usio na mwenyewe. Wala siwezi kusema sheria hiyo ni katili. Mabawa tunayochonga yanapandishwa kwenye vinu vya upepo, na chini ya vinu kuna watu. Kijiji kimoja ng'ambo ya mlima, mkono wa marehemu fulani ulichonga bawa nene upande mmoja, likakatika kwenye dhoruba na kuangukia paa la darasa. Ilikuwa Jumapili, ndiyo salama yao.

Kwa hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya meza yenye tundu, saa zinakwenda, na baba yangu anakaribia kufa mara ya pili.

*

Hapa kwetu panaitwa Pwani Mpya. Usicheke, au cheka, wenyeji wameshacheka sana. Bahari ilipopanda na kuwatoa babu zetu Pemba, walipewa ardhi huku juu Makete, wakateremka kwenye malori na magodoro yaliyolowa, wakaangalia sakitu, umande ulioganda kwa baridi, imelala nyeupe juu ya majani, wakauliza ni nani aliyemwaga chumvi. Jina la mahali walilitia siku hiyo hiyo, kwa ukaidi. Wakinga, wenyeji wa huku na watu wa kina Atu, wakatuita Watu wa Maji, nasi tukawaita Magunia ya Viazi, na utani ukazaliwa ambao hadi leo unatusaidia kuzikana na kuoana.

Baba yangu, Mzee Faki, alikuwa mchonga milango. Miaka yake ya mwisho alivaa glavu ya Baraza kila alipokamata patasi. Glavu ile haikunakili michoro, maana michoro kila mtu anayo. Ilinakili namna: anavyokandamiza, anavyopumzika, anavyopapasa mbao kabla ya kuiumiza. Tulipomzika, glavu ikaunganishwa na mashine ndogo ya kuchongea iliyokuwa karakana, na mkono ukaendelea. Si ajabu huku kwetu. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mkono wa fundi cherehani unaoshona kola pana ambazo hakuna tena anayezivaa, na familia yake haina moyo wa kuukataza.

Lakini wa kwetu ulizama. Mtaa mzima ukapata jibu kabla ya fundi: mzee amechoka. Bi Zume wa jirani akaja na mkeka wake kunipa pole ya pili, kana kwamba ya kwanza iliisha muda.

Atu hakuamini uchovu wa marehemu. Alifunga nywele, akalala chali chini ya mashine na tochi mdomoni, akaanza na vitu vyepesi. Mashine hii, alieleza, ina njia tatu: kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Tundu langu lilikuwa baya lakini umbo lake lilikuwa sahihi, kwa hiyo njia mbili za kwanza ni nzima. Mgonjwa ni mmoja tu, huyu wa kupanda na kushuka: mota iliyo juu, skrubu ndefu iliyosimama wima chini yake, na kisu kizito kinachobebwa na nati inayotembea juu ya skrubu.

Akachora mstari wa kalamu pale mota inapoungana na skrubu, akaipandisha na kuishusha mashine kwa muda. Kama kiungio kinateleza, mstari ungekatika. Mstari ulibaki mzima. Akatenganisha nyaya, labda zinachanganyiana habari. Wapi. Akakaza vibano vya mbao, labda mbao ndiyo inayoinuka. Mbao ilikuwa imetulia kama mtu wa mahakamani.

Mwishowe akasimamisha rula kando ya kisu na kukiamuru kipande juu sentimita tano. Kikapanda nne na ushei, huku mota ikiguna kama mzee anayenyanyuka kwenye kigoda. Akaamuru kishuke tano. Kikashuka tano barabara.

Tukatazamana.

"Haina macho," alisema. "Inahesabu hatua ilizoagizwa, siyo ilizopiga. Inaamini imepanda tano. Kwa hiyo kila ikishuka..."

"Inashuka zaidi ya ilipotoka."

"Na kila mzunguko inazidi. Baba yako hajakosea kitu, dada. Anadanganywa."

Nilitaka kumkumbatia hapo hapo, ila alikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Na bado swali lilikuwepo: nani anayemdanganya, na kwa nini asubuhi tu? Atu alisema jibu analo, watu wa pwani hawafanyi kazi kabla jua halijawachemsha, mashine imeiga tabia za nyumba. Nikamwambia na nyie mnaamka alfajiri kwa sababu mnalala na viazi kitanda kimoja, vinawasukuma. Tulicheka wote, halafu Atu akarudi chini ya mashine, kwa sababu kicheko hakipandishi kisu.

Nikaingia jikoni kuweka chai. Mkaguzi anakuja, nikasema, hata kama ni siku ya msiba nichane nywele. Nikachukua chupa ya mafuta ya nazi, nikaiweka karibu na jiko kama ninavyofanya kila asubuhi, nikawa naiangalia. Mafuta yalikuwa meupe, magumu kama mshumaa. Pembeni yakaanza kulainika. Yakaacha mduara wa maji. Ya kichwani nayayeyusha kila siku, nikawaza, kabla hayajafaa kitu.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka niko mbele ya Atu na chupa nyingine, ile ya karakana, nimeipindua kichwa chini. Halikutoka hata tone.

Alinitazama, akaitazama chupa. Kisha akauliza polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto:

"Skrubu mnaipaka nini?"

"Tunachopaka kila kitu."

Na ndivyo ilivyo. Watu wa Pwani Mpya tunapaka mafuta ya nazi bawaba, patasi, ngozi za ngoma, vichwa vya wachanga na magoti ya wazee. Yanatoka kwenye minazi iliyohamishiwa ufukweni kule ziwani, na mtu akikosa huona kama amevuliwa nguo. Kule babu zetu walikotoka hayakuwahi kuganda, kwa hiyo hakuna aliyefundishwa kwamba yanaganda. Baba aliniachia wasia mmoja tu wa kiufundi: Ijumaa paka mashine mafuta. Nami nilipaka kwa imani, tena kwa ukarimu.

Na alipokuwa hai jiko lilikaa karakana, kwa sababu mzee alichukia baridi. Nililitoa mimi baada ya mazishi, nikiogopa cheche na unga wa mbao. Asubuhi skrubu ikawa mshumaa, mota ikipandisha inapoteza hatua. Kushuka inasaidiwa na uzito wa kisu. Mchana bati likipata joto, mafuta yanayeyuka, na Atu anakuta mgonjwa anacheka.

Atu aliketi sakafuni akacheka mpaka machozi yakachora njia kwenye ile grisi. Alisema kwao watasimuliana jambo hili hadi vitukuu: Watu wa Maji waliompaka baba yao mafuta hadi akazama.

*

Tuliifua ile skrubu kwa mafuta ya taa na mswaki, jino kwa jino, tukaikausha kwa khanga yangu ya zamani, tukaitia matone ya oili ya cherehani. Atu akaweka karatasi chini ya kisu, akakishusha mpaka karatasi ikawa inavutika kwa shida kidogo, kisha akakiamuru kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka nikachoka kutazama. Akaijaribu tena karatasi. Ilivutika kwa shida ile ile.

Nikapiga kigelegele. Bi Zume akachungulia dirishani kuuliza kama kuna harusi.

Tukafunga mbao mpya na kuuachia mkono kazi. Jamani, ulivyochonga. Ulipapasa kwanza, kama alivyokuwa akipapasa, kisu kikigusa mbao hapa na pale bila kuiumiza. Kisha ukaingia. Bawa likatoka kwenye paini kama lilikuwa limejificha humo likisubiri kuitwa, jembamba nchani, lenye tumbo laini katikati. Nilikuwa narukaruka kama msichana. Huu ulikuwa mkono wa kwanza wa marehemu niliowahi kuuona ukichonga bawa bila kushikwa, na ni wa baba yangu.

Halafu ukafika kitakoni, pale bawa linapofungwa kwenye kinu, ukainua kisu, na ukaacha.

Palibaki uvimbe, si mkubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Nilipitisha kidole mara mbili nikitumaini ni unga. Atu akapima, uso wake ukabadilika. Akachukua kipande kingine, akauamuru mkono uchonge kitako peke yake. Uvimbe ule ule, mahali pale pale. Rula ikasema kisu kilipanda na kushuka sawasawa. Safari hii mashine haikudanganya mtu.

"Hii siyo skrubu," alisema. "Hii ni amri yake mwenyewe. Zamani ulikuwa unazama kabla haujafika hapa, na mchana nilikata vipande tu, ndiyo maana hatukuiona."

Alifungua kioo chake cha mkononi, kile cha kusomea mashine, akanionyesha mkono wa baba ukiwa umelazwa kama mstari, milima na mabonde ya kila mkandamizo. Mwisho kabisa mstari ulipaa ghafla ukakatika. Alisema anaweza kuunyoosha kwa kidole. Ni kufuta kipande kidogo, kujaza kwa kufuatisha kilichotangulia, na hakuna mkaguzi atakayejua.

Nikamwambia huo hautakuwa mkono wake. Akaniambia utakuwa wake karibu wote. Nikamwambia karibu wote ndiyo wanavyoanza. Leo tunafuta mwisho kwa ajili ya kibali, kesho mteja hapendi ule upapasaji wa mwanzo, unachelewesha, tunafuta. Mwaka kesho nitakuwa na mashine inayochonga kama mashine, na picha ya baba ukutani.

Atu hakunicheka. Akasema kwa upole kwamba uvimbe kwenye kitako cha bawa si kumbukumbu, ni uzito uliokaa vibaya, na bawa halijui kwamba aliyeuacha alipendwa. Kinu kitasimamishwa juu ya kliniki, watakaa chini yake kina mama na vichanga, na mimi nitawaambia nini? Kisha akaniwekea kioo mkononi.

"Mimi ni fundi tu," alisema. "Huyu ni baba yako. Futa au uache, lakini uamue kabla gari halijafika."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Kidole changu kilikuwa juu ya ule mstari uliopaa. Nilikuwa tayari, sitawaficha. Mkono wenye kasoro kidogo ya uongo si bora kuliko jivu la glavu? Nikakitazama kile kipande kwa mara ya mwisho, namna kisu kinavyoinuka. Hakikuinuka kwa uchovu. Kiliinuka kwa heshima, polepole, kikasogea pembeni kupisha.

Kumpisha nani?

Nikatupa kioo juu ya unga wa mbao na kukimbilia mbele ya nyumba.

Mlango wetu baba aliuchonga akiwa ameshavaa glavu. Naufuta vumbi kila Ijumaa. Nikapiga magoti kwenye kona ya chini, pale mlolongo wa maua unapoishia, nikapapasa ua la mwisho. Petali zote zilikuwepo isipokuwa moja. Moja ilikuwa mbao tupu, laini, imechorwa kwa kalamu na haijaguswa.

Hapo nikamsikia kama yuko nyuma yangu. Nilipokuwa mdogo nikijifunza kazi kwake, kila mlango alibakisha petali moja. Aliweka chini nyundo, akaniambia, "Pa kwako hapo," akaenda kunywa kahawa bila kugeuka kunitazama. Alisema anabakisha ili mwanafunzi akiulizwa nani kachonga, akijibu "sisi" asiwe amedanganya. Baadaye mimi nikaiacha kazi, nikahamia kwenye kilimo cha viazi. Yeye hakuacha kubakisha.

*

Mkaguzi Mahenge aliingia karakana akasalimia "kamwene" kwa sauti nzito, akatoa kipimio chake kwenye mfuko wa ngozi. Ni mtu wa haki, mkavu kama bisi. Nilimpa kiti, nikamwomba asipime kwanza, kazi haijaisha.

Nikachukua patasi ya baba.

Aliniuliza leo tunakagua mkono wa nani hasa. Nikamjibu, wa fundi na mwanafunzi wake, ndivyo ulivyofundishwa. Mashine inafika mpaka hapa, mengine ni yangu. Nikamwonyesha uvimbe, nikamwonyesha na mlango. Atu alikuwa ameinama anachunguza viatu vyake, akiomba dua ya Kikinga.

Mahenge alifungua kitabu chake cha kanuni. Akasema kanuni inamtaka apime kazi iliyokamilika, na haisemi ikamilishwe na nani. Lakini nikiteleza, kosa langu ni la mkono, na huu ndio ukaguzi wa tatu.

"Nimekuelewa, Bwana Mkaguzi."

"Una muda gani hujaishika hiyo?"

"Usiniulize nikiwa nimeishika."

Nikapapasa mbao kwanza. Sikupanga, vidole vilifanya vyenyewe. Nikaweka makali juu ya uvimbe, nikahisi furaha, ndiyo, furaha ya ajabu kama ya mtu anayekimbia mteremko asijue atasimamia wapi. Nikagonga kidogo. Ganda likajikunja likatoka. Nikagonga tena, mara hii nikishusha kiganja, na nikajua ninavyoshusha kiganja ndivyo nilivyoona kisu kikishuka asubuhi ile. Ganda la mwisho lilikuwa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Nikaweka patasi chini.

Mahenge alipima nchani, akapima tumboni, akapima kitakoni. Akarudia kitakoni. Akaweka kipimio mfukoni, akavua miwani, akafumba macho na kupitisha kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudi kinyumenyume.

"Ulipochonga wewe ni wapi?" aliuliza.

Nikamshika kidole nikakiweka. Akapapasa hapo muda mrefu.

"Sipasikii," alisema, akatoa muhuri.

Atu alipiga yowe lililowatoa kuku bandani. Kibali kilikuwa na sharti moja, limeandikwa kwa mwandiko wa mkaguzi mwenyewe: mkono huu usifanye kazi mwanafunzi wake asipokuwepo. Kwa hiyo ndiyo hivyo, watu wangu. Nilihangaika asubuhi nzima kumwokoa baba asifutwe, kumbe yeye amehangaika miaka yote kunirudisha kazini, na kashinda yeye. Viazi vitafute mtu mwingine.

Mkaguzi alipoondoka, Atu alilirudisha jiko karakana, mbali na unga, akafungasha chupa yangu ya mafuta ya nazi kwenye begi lake awe na ushahidi wa kwenda kuwasimulia kwao. Nilimwacha. Mimi nilikuwa na patasi mkononi bado ina joto.

Nikazunguka mbele ya nyumba, nikapiga magoti kwenye kona ya chini ya mlango, nikapapasa.

Pa kwangu hapo.